Ndege wa msituni waacheni na hizo spika

Kuna tabia imeingia kwenye ziara za kuangalia ndege na mimi naipinga waziwazi. Mwongozaji anatoa simu, anaunganisha kaspika kadogo, anapiga mlio wa ndege uliorekodiwa, ndege anatokea mbio, watu wanapiga picha, haya twende kwa mwingine. Wageni wanafurahi sana maana listi ya ndege waliowaona inajaa. Lakini jamani yule ndege hajaja kuwasalimia. Amesikia dume mwenzake kaingia kwenye eneo lake, amekuja kupigana, kaacha kula, pengine kaacha na kiota, anamzungukia adui ambaye hayupo. Sasa fikiria njia hiyohiyo inapitwa na vikundi kila siku msimu mzima wa kuzaliana na kila kikundi kinamtaka yuleyule.

Juzi nimetoka na mwongozaji ambaye habebi spika kabisa. Tuliingia msituni bado giza, kwa sababu huku ukanda wa tropiki jua likishapanda joto linakuja na ndege wengi wananyamaza, saa za maana ni zile mbili tatu za mwanzo. Yeye kazi yake kusikiliza tu, anasimama, anainua kidole, "huyo, juu kushoto, kwenye tawi kavu", unainua darubini unamkuta. Kwenye msitu mnene masikio ndiyo yanatafuta, macho yanamalizia.

Mbele tukakuta siafu wanavuka njia. Wengi wetu tulitaka kuondoka, yeye akatusogeza pembeni akasema tulieni hapahapa, siafu wakipita panzi, mende na buibui wote wanatimka, na kuna ndege wanaoufuata ule msafara kudaka wanaotimka. Kweli bwana, muda si mrefu ndege ambao siku zote wamejificha gizani vichakani wakawa wanashuka mbele ya macho yetu, anadaka, anarudi kijitini, anashuka tena. Hakuna aliyewaita.

Halafu hondohondo. Wakati wa kutaga jike anajifungia ndani ya tundu la mti, mlango unazibwa kwa vitu kama udongo na kinyesi, unabaki ufa mwembamba tu, na dume ndiye anayelisha. Tulikaa mbali tukamwangalia dume katua shinani, anatikisa shingo, tunda linapanda kutoka kooni mpaka ncha ya mdomo, analipitisha kwenye ufa, halafu lingine, halafu lingine, na kila mara ncha ya mdomo wa jike inachungulia kupokea. Huyo dume ukimpotezea asubuhi yake kwa spika, wanaolala njaa ni waliomo ndani.

Wapo wanaosema afadhali sauti kuliko watu kukanyaga vichaka wakimtafuta ndege, na mtafiti anayehesabu ndege adimu kweli ana sababu yake. Mtalii anayetaka picha hana. Marekani kwenye hifadhi zao za taifa kuita ndege kwa rekodi ni marufuku, na kule aina za ndege ni chache ukilinganisha na tropiki, Kolombia peke yake ina zaidi ya 1,900! Misitu yetu ilindwe vilevile.

Ila nisiwabebeshe waongozaji lawama zote, wengi wanapiga kwa sababu mgeni anadai na bakshishi inafuata urefu wa listi. Kwa hiyo sisi wageni ndio tuseme mapema kabla ya kutoka: leo hakuna spika, asipoonekana basi, na bakshishi yako iko palepale.