Mwacheni kijana apigwe kwanza

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wanasimba niliandika kwamba kijana aliyeboronga Jumamosi apangwe tena Jumatano. Sikuandika zaidi ya hapo. Jibu la kwanza likaja: "Kaka, kaa na besiboli yako huko Marekani, mpira tuachie wenyewe." La pili likasema nimeshakuwa mzungu. Mpaka naingia kulala watu walikuwa bado wanaweka dole gumba kwenye hilo la pili.

Nimekereka, sifichi. Najibu hapa kwa kirefu, na nitajibu kwa besiboli hiyohiyo, maana ndiyo iliyonifundisha hiki ninachokisema.

Naishi Chicago, upande wa kusini, na timu ya upande wetu ni White Sox. Msimu wa 2024 walipoteza mechi 121 kati ya 162. Katika besiboli ya kisasa, tangu karne ya 20 ianze, hakuna timu iliyopoteza nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962. Kati ya Julai na Agosti walifungwa mechi 21 mfululizo. Hebu mwanasimba afumbe macho awaze hilo, mechi 21 mfululizo, na karibu kila siku kuna mechi, kwa hiyo hata wiki ya kupumzisha moyo hupati.

Mwaka 2025 wakashinda 60, wakapoteza 102. Huku hayo yanaitwa maendeleo, nami nakubali kwamba ni maendeleo, kwa sababu nilikuwa natazama ni nani wanaopoteza hizo mechi. Walikuwa vijana, hasa warushaji vijana.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji aliye mita 18 hivi mbele yake. Hakuna kinachoanza mpaka yeye arushe. Akikosea, uwanja mzima umeona na ubao umeandika. Anayemkaribia kwetu ni golikipa, ila golikipa anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa. Mrushaji haponi hata dakika moja. Kipimo chake kikubwa ni wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila raundi tisa, ambazo ndizo mechi nzima. Ukiwa chini ya 3 wewe ni bingwa. Ukipita 5, watu wanaanza kuuliza nani alikuleta.

Sasa nisikilizeni. Nimekaa jukwaani nikamwona mrushaji chipukizi akipigwa mfululizo, pointi tano kabla raundi ya pili haijaisha. Kocha akatoka taratibu, akauchukua mpira mkononi mwake, kijana akaanza kutembea kuelekea benchi, kichwa chini. Watu wa upande wangu wakasimama wakampigia makofi. Mzee aliyekaa mbele yangu, aliyevaa kofia iliyopauka kwa jua, akamwita kwa jina lake la kwanza, akamwambia atarudi. Hiyo ni timu ambayo ilikuwa mkiani mwa ligi. Nilijisikia vizuri siku ile kuliko siku nyingi ambazo timu zangu zimeshinda.

Wale watu hawafanyi hivyo kwa sababu ni wapole. Wana sababu, na sababu yenyewe ina majina.

Lucas Giolito alikuja White Sox Desemba 2016, timu ilipoamua kubomoa na kujenga upya. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 6.13, mbaya kuliko wa mrushaji yeyote aliyerusha raundi za kutosha kuhesabiwa katika ligi yote. Je, walimweka benchi? Walimpanga mechi 32. Akipigwa, anapangwa, akipigwa tena, anapangwa tena, mpaka msimu ukaisha. Msimu ulipoisha akaenda kufanya kazi, akaufupisha mzunguko wa mkono wake, akarudi mtu mwingine. Mwaka 2019 wastani ukashuka hadi 3.41 na akaitwa kwenye mechi ya nyota, ya wachezaji bora wa msimu. Tarehe 25 Agosti 2020, dhidi ya Pittsburgh, akamaliza raundi zote tisa bila mpigaji hata mmoja kuupiga mpira na kufika salama kituo cha kwanza, na 13 kati yao akawatoa mwenyewe, akiwarushia mpaka wakashindwa kupiga. Ilikuwa msimu wa korona, viti vitupu, na bado watu wa upande wangu wa mji wanausimulia usiku ule kama waliokuwepo.

Dylan Cease naye: mwaka wake wa kwanza, 2019, wastani 5.79. Wakamvumilia. Mwaka 2022 ukawa 2.20, na kwenye kura ya tuzo ya Cy Young ya ligi yake, tuzo kubwa kuliko zote kwa mrushaji, akashika nafasi ya pili.

Halafu kuna Shane Smith, kipenzi changu. Huyu alipomaliza chuo hakuna timu iliyomteua kwenye uteuzi wa vijana unaofanyika kila mwaka. Milwaukee wakamchukua, wakamkuza kwenye ligi za chini, lakini hawakumweka kwenye orodha yao kuu. Desemba 2024 White Sox wakamnyakua kwa dola 100,000, pesa ambayo kwenye besiboli ni ndogo sana. Kanuni ya kumnyakua mtu namna hiyo ina sharti: akae timu kubwa msimu mzima, la sivyo arudishwe walikomtoa. Akaanza vizuri mno. Mwezi Juni ukamwangukia, kila akirusha anapigwa. Wangeweza kumtupa. Wakamwacha akajifunze palepale mbele ya watu, na mwaka huohuo, ukiwa ndio wa kwanza kwake, akawa kwenye mechi ya nyota.

Ndiyo maana naudhika mtu akiniambia nisizungumze. Kwetu tunasema "tunajenga timu". Tunalisema kila Julai, tukiwa tumeshika jezi mpya. Ikifika Oktoba hatujengi chochote, tunatafuta mtu wa kumsulubu.

Februari 2025, Babati, Simba na Fountain Gate. Ladack Chasambi, kijana aliyetoka Mtibwa Sugar, akarudisha mpira nyuma kwa kipa wake na ukaingia golini. Ikaisha 1-1. Mnakumbuka yaliyoandikwa usiku ule, sina haja ya kuyarudia, na mengine hayarudiki mbele ya watoto. Kosa moja! Ni pasi ya nyuma, kosa ambalo mabeki wakubwa wa Ulaya wanalifanya tunaliona kila wikiendi na tunalicheka. Kwa kijana wetu tukaligeuza kesi ya uhaini. Wapo waliodai ametumwa na watani zetu Yanga.

Na Ally Salim? Agosti 2023, Mkwakwani, Tanga, Ngao ya Jamii. Kijana akapangua penalti tatu za Yanga. Tatu, mbele ya watani, tukabeba ngao. Usiku ule mngemchagua ubunge. Msimu huohuo akawa anagawana lango na Aishi Manula na Ayoub Lakred wa Morocco, na mwaka uliofuata akaletwa Moussa Camara kutoka Guinea. Sina ugomvi na Camara, ni kipa hodari. Ugomvi wangu ni sisi: nani kati yetu aliwahi kusema "mpeni Ally mechi 15, akifungwa na afungwe, tujue tuna nini mkononi"? Hatutaki kujua. Tunataka mtu aliyekwisha kuiva, tena wa kutoka nje, na akishapoteza dabi moja naye tunamtafutia ndege.

Makocha siwahesabu wote, nitachoka. Aussems, Sven, Gomes, Pablo, Zoran, Robertinho, Benchikha, Fadlu, na Mgunda katikati akishikilia usukani kila gari linapozimika. Wapo walioondoka wenyewe, najua. Lakini Robertinho alipigwa tano na Yanga tarehe 5 Novemba 2023, siku mbili baadaye hayupo. Kocha anayejua ana siku mbili za kuishi atamwanzisha kijana wa miaka 19 kwa ujasiri gani?

Najua mtakachosema. Mtasema huku hakuna kushuka daraja. Kweli kabisa. White Sox wangepoteza hata mechi 140 wangebaki ligi kuu, na tena wanaoshika mkia ndio kwa kawaida wanaopewa nafasi za mwanzo kuteua vijana wapya. Hata hivyo si kila mara: kwa kanuni ya kuzuia timu za miji mikubwa kujinufaisha kwa kufungwa, mwaka 2025 White Sox, pamoja na vipigo vyao vyote 121, waliteua wakiwa wa 10. Lakini tuseme hoja ni yenu. Sasa nami niulize: Simba inaogopa kushuka daraja? Kuanzia 2021/22 hadi 2024/25 ubingwa ulikwenda Jangwani, kwa Yanga, mara nne mfululizo, na katika miaka hiyohiyo sisi hatukuwahi kuwa chini ya nafasi ya tatu. Tunachokiita msiba ni kuwa wa pili. Timu iliyo salama namna hiyo ina nafasi ya kumvumilia kijana kuliko timu yoyote nchini, ukiondoa watani. Mwenye haki ya kuogopa ni anayepigania kubaki, na cha ajabu hao kina Mtibwa ndio wanaowapanga watoto, sisi tukawachukue kisha tuwazomee.

Mtasema pesa. Ndiyo, kila timu ya huku ina walau timu nne za kulelea chini yake, na kijana wa White Sox anapitia Kannapolis, Winston-Salem, Birmingham na Charlotte kabla ya kuvaa jezi kubwa. Anapigwa kote huko kwanza. Hilo hatuna, na silitaki kesho asubuhi. Lakini makofi ya yule mzee wa kofia hayakugharimu hata senti.

Halafu mtasema najifanya nimeona. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mnanionea. Mimi sijasema hawa wanatuzidi mapenzi. Uwanja wa huku mwaka ule wa vipigo 121 ulikuwa na viti vitupu mpaka unasikia mtu anavyotafuna karanga safu ya pili. Kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, watu 60,000, ngoma tangu mchana, mama kavaa nyekundu na mjukuu mgongoni. Hicho kitu sijakiona hapa na sitarajii kukiona. Nikiwasimulia majirani hawaamini. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 dhidi ya Berkane ya Morocco niliitazama nikiwa kazini, simu imeegemezwa kwenye kopo, na machozi yalinitoka mbele ya watu wasioelewa ninalia nini. Msiniambie nimesahau nilikotoka.

Na hawa wa huku nao nawasema. Subira wanayo jukwaani, ofisini haipo. Garrett Crochet walimsubiri alipofanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2022, ule wa kuweka kano mpya, unaomlaza mrushaji zaidi ya mwaka. Akapona, mwaka 2024 akawa ndiye mwanga pekee katika vile vipigo 121, wakampunguzia raundi ili mkono usife. Wamefanya kila kitu sawasawa! Desemba wakampeleka Boston kubadilishana na vijana wanne. Mwaka 2025 akashinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 255 akiwa na jezi ya watu wengine. Kyle Teel aliyekuja kwa biashara ile nampenda, ni mdakaji mzuri, yule anayedaka mipira ya mrushaji, lakini uchungu haujaisha. Cease naye aliuzwa hivyohivyo. Ndiyo maana watu wanaimba uwanjani mmiliki auze timu, nami naimba nao.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa timu zote mbili ni huohuo. White Sox: Noah Schultz, yule mtoto wa vitongoji vya hapahapa Chicago mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na Hagen Smith mliyemteua wa 5 mwaka 2024, msiwakimbize. Wakija, wapeni msimu mzima wa kupigwa. Shane Smith msimuuze, hata Boston waje na magunia.

Simba: chagueni vijana wawili. Watangazeni majina, mtuambie wazi kwamba hawa watacheza mechi 15 za ligi, wafunge wasifunge, wakosee wasikosee. Sisi mashabiki tuambiwe mapema ili asiwepo wa kusema hakujua. Na wewe uliyeniambia nikae na besiboli yangu: wewe uko Temeke, uwanja uko hatua chache. Siku kijana akirudisha pasi mbovu, simama umpigie makofi, na mimi nitakulipia tiketi ya mechi inayofuata. Namba yangu unayo.