Fundi wa Printa Amefika

Kule kwetu Rongai hakuna aliyeelewa atachimenti yangu, yaani mafunzo yangu ya vitendo kazini. Mama alimwambia jirani kwamba nimepata nafasi kwa wakaguzi wa hesabu, na hakudanganya, ila jioni hiyohiyo jirani aliniletea daftari za duka lake nizipitie. Nianzie wapi kumweleza? Kampuni kubwa za ukaguzi na ushauri ziligundua zamani kwamba hesabu za mteja hazikai tena kwenye daftari, zinakaa kwenye kompyuta, na usipojua nani anaweza kuingia humo huwezi kuapa kwamba hesabu ni safi. Ndiyo maana kwenye ghorofa moja na watu wa kodi kuna chumba cha vijana wanaolipwa kupenya mitandao ya watu kwa ruhusa ya wenyewe. Nilikuwa mmoja wao, ila hilo la kulipwa halikunihusu.

Wakubwa wetu walituanzishia mambo ya kawaida: Nmap ya kuchunguza vifaa na huduma zilizo kwenye mtandao, Wireshark ya kusoma data inayopita humo, Burp Suite ya kupima tovuti, na kuandika ripoti ambazo zilirudi na wino mwekundu. Kila Jumatatu Madam, msimamizi wetu, alitusomea kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ukiingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, faini isiyozidi shilingi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili. "Kati yenu na hiyo jela kuna karatasi moja tu," alisema, akiinua barua ya idhini. "Msiiache kwa dawati."

Kisha alitusimulia habari ya Wamarekani wawili waliokamatwa Septemba 2019 ndani ya mahakama ya kaunti huko Iowa. Walikuwa kazini, wamekodiwa na idara ya mahakama ya jimbo, na barua walikuwa nayo. Sherifu alisema jengo ni la kaunti, jimbo halina mamlaka ya kuruhusu mtu kulivunja. Wakalala ndani, na mashtaka hayakufutwa hadi Januari 2020. Sisi tulicheka sana. Tulidhani kuvutana kwa serikali kuu na kaunti ni mali ya Kenya peke yake.

Siku yangu ikafika. Mteja alikuwa na ofisi Upper Hill, na wakubwa wake walitaka kujua kama mgeni asiyejulikana anaweza kuingia na kuchomeka kompyuta yake kwenye mtandao wao. Niliambiwa nijifanye fundi wa printa. Madam hakuchagua printa ovyo. Hakuna ofisi Nairobi isiyo na printa mbovu. Nikavaa koti la Gikomba, tai ya mjomba, barua mfuko wa ndani.

Langoni soja alipitisha kile kifaa chake mkobani, akachukua kitambulisho, akaniandika kwenye kitabu cha wageni.

"Unaenda wapi?"

"Kurekebisha printa."

Akasimama wima. "Kumbe ni wewe! Wamekungoja tangu wiki jana!"

Yote niliyokariri kwenye matatu hayakuhitajika. Alinisindikiza mwenyewe hadi lifti. Mama wa mapokezi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu mwanangu, tumeteseka." Kabla sijafungua mkoba kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi mezani, na watu wa ofisi ile walikuwa wamejipanga, kila mmoja na shida yake. Kibodi ya mmoja inaandika herufi mbilimbili. Wa pili kompyuta yake inalala katikati ya kazi. Mhasibu mmoja alikuwa anatoka kwenda benki, akaandika paswadi yake kwenye karatasi na kuiweka kando ya kikombe changu, ili "usichelewe ukinisubiri." Sikuwa nimemwomba hata kalamu. Mwingine alinionyesha chini ya kibodi yake mahali paswadi za idara nzima zinapokaa, nisije nikasumbuka.

Yaani jaribio lilikuwa limekwisha kabla mandazi hayajapoa. Mtu mwenye akili angeaga. Lakini maagizo yalisema nichomeke kompyuta kwenye soketi ya ukutani na kuendesha skani ya Nmap aliyoiandaa kijana mmoja mwandamizi wa timu yetu. Nikaketi karibu na ile printa mgonjwa, nikachomeka, nikabonyeza.

Hapa kuna jambo la kitaalamu linalofaa kujulikana. Printa nyingi za ofisini husikiliza kwenye poti, yaani mlango wa mtandao, namba 9100, na chochote kinachotumwa hapo huchapishwa bila maswali. Walioitunga Nmap wanalijua hilo, kwa hiyo inapochunguza huduma gani ziko hai huiruka poti hiyo, isipokuwa uiamuru isiruke chochote. Mwandamizi wetu alikuwa ameiamuru isiruke chochote.

Printa ikakohoa. Ikawasha taa. Ikaanza kutema karatasi, moja baada ya nyingine, kila moja na mstari mmoja au miwili ya maandishi ya ajabu pembeni, nyingine tupu kabisa.

Ofisi ililipuka kwa makofi. Wiki nzima haikuwa imetoa hata nukta! Mama wa mapokezi aliinua mikono kumshukuru Mungu, akaagiza niongezwe mandazi. Karatasi zilipozidi nilichomoa waya, printa ikatulia, nao wakaona huo ndio ufundi wenyewe.

Ndipo soja alipotokea mlangoni amemshika mtu mshipi wa suruali.

"Mama, huyu anasema ni fundi wa printa."

Mtu huyo alikuwa na ovaroli, sanduku la vifaa, na jasho la kupanda Upper Hill kwa miguu. Macho yote yakatoka kwake yakaja kwangu na tai yangu, kisha yakarudi kwake.

"Fundi tunaye," mama wa mapokezi akasema. "Huyo ni tapeli. Pigia polisi."

Nikasimama. "Mama, mwachilieni. Tapeli ni mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Una roho nzuri, mwanangu. Lakini usimtetee."

Nikatoa barua. Ilikuwa na namba mbili za kuthibitisha. Mkuu wa teknolojia wa mteja alikuwa kwenye treni ya kwenda Mombasa, mahali fulani katikati ya Tsavo: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Simu ya Madam ililia hadi ikachoka. Soja aliichukua barua, akaishika karibu na dirisha, akaisoma yote.

"Hii," akasema, "hata mimi naweza kuchapishiwa River Road." Kisha akaongeza, "Na hizi namba ni zako. Nitapiga zangu."

Jibu hilo ndilo Madam alilotufundisha: usithibitishe barua kwa namba zilizo ndani ya barua hiyohiyo. Soja alijua bila darasa, japo ingependeza zaidi kama angelikumbuka asubuhi. Tukawekwa wote wawili kwenye benchi la chumba cha walinzi, mimi nikiwaza Iowa, mwenzangu akinihoji printa ina tatizo gani. Nilipomweleza alicheka hadi akashika mbavu. Stima ilipotea, akasema, printa ilipowaka ikapewa anwani mpya ya mtandao, na kompyuta zote bado zinatuma kwa ile ya zamani. Haikuwa imekufa.

Soja akampata mkurugenzi kwa namba yake, mkurugenzi akathibitisha, tukafunguliwa. Fundi akapanda juu akarekebisha anwani kwa dakika chache, kisha akampa mama wa mapokezi fomu ya kazi atie sahihi. Mama alitia. Lakini penye jina la fundi, kwa kuwa hakuwa tayari kudhulumu mtu, alinakili jina langu na namba yangu kutoka kitabu cha wageni.

Baada ya siku chache nikapigiwa na mwenye kampuni ya printa. Nilijiandaa kuomba radhi, ila hakunipa nafasi. Alisema mteja wa Upper Hill amenisifu sana, na kama niko huru kuna printa nyingine Industrial Area imekufa kabisa, na malipo ni siku hiyohiyo kwa M-Pesa.

Nikamuuliza kama nauli iko ndani.