Mwaridi wa Getini Una Wenyewe

Nairobi hii kitu kikifa hakina mwenyewe. Subiri kifufuke, uone ukoo unavyotokea.

Pale getini kwetu Buruburu kuna mwaridi mzee, wa enzi zile za miaka ya 1970 mtaa ulipojengwa kila nyumba na kibustani chake. Vibustani vingine vimeshakuwa saluni, kinyozi na vyumba vya kupangisha. Huu wetu ulipona kwa kuwa ulishikilia kamba ya nguo. Ulikuwa mkavu, majani yana madoa meusi, vidukari wamejaa kwenye vichomozo, na katikati kumenasa soksi ambayo hakuna anayekubali ni yake.

Siku nilipotoka na mkasi, ndipo majirani walipogundua kuna mti. Nakata matawi makavu, nakata yanayosuguana, nakata kwa mshazari juu kidogo ya jicho la kuchipua linalotazama nje ili hewa ipite katikati. Mama wa nyumba ya pili akashika kiuno: "Baba, mbona unaua mti wa watu?" Watu gani, mama? Jana si umeuanikia blanketi!

Samadi nayo niliileta kwa boda boda. Kijana akanitoza nauli ya abiria wawili, eti wa pili ananuka. Maji ya bomba huja yanapotaka, kwa hivyo mwaridi ulikunywa maji niliyooshea mchele, na mimi nikaitwa mchawi.

Kisha nikapanda vipandikizi: unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hivi, majani ya chini nimeyatoa, mawili ya juu nimeyaacha, nusu mchanga nusu udongo. Mifuko ya plastiki tulinyang'anywa 2017, basi nikavifunika kwa chupa za soda zilizokatwa kitako, unyevu usitoroke. Weka kivulini, usiguse. Usiguse! Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Lakini ploti yetu ina wakaguzi. Kila anayepita kwenda dukani anang'oa kimoja, anachungulia, anatikisa kichwa, anakirudisha. Mmoja alikirudisha kichwa chini.

Sasa mwaridi umechanua. Maua ya pinki, petali zimejazana, na harufu inafika hadi barabarani. Si kama yale ya Naivasha ya tarehe 14 Februari, marefu, yamenyooka, ukiyanusa unanusa jokofu. Yale yalizalishwa yavumilie safari ya ndege na chombo cha maua; haya hayana safari.

Basi wenyewe wakajitokeza. Mama wa blanketi anasema ulipandwa na mama mkwe wake. Keateka wa ploti anasema miaka yote amekuwa akiunyweshea usiku. Usiku gani, na yeye saa mbili kamili anakoroma?

Hata landlodi, ambaye choo kikiziba huwa yuko ushago na mtandao unasumbua, alifika mwenyewe. Akapiga picha. Akaniuliza nilipata wapi ruhusa ya kukata mti wake. Akadokeza kwamba nyumba yenye bustani kodi yake si sawa na nyingine. Halafu, bila hata kumeza mate, akaomba vipandikizi vya kumpelekea mkewe.

Sina choyo. Chini ya kiungio hutoka chipukizi moja nene, la lile shina la porini mwaridi ulikounganishiwa. Nalikata, linarudi. Hilo ndilo nililomkatia, vipande vinono, nikamfungia kwenye gazeti. Vitashika upesi sana. Miiba atapata.