Pedali ya Zamani Haina Roho, Ina Resista

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya wanamuziki wa Arusha na Moshi wiki hii, na nimetumiwa na kila mtu isipokuwa mama yangu. Pedali ya gitaa, kile kiboksi unachokikanyaga kubadilisha sauti, ya kijani, Ibanez Tube Screamer TS808 ya mwaka 1981, rangi imebabuka, kifuniko cha betri hakipo, na bei yake ukiiongezea kidogo unatoka dukani umepanda bodaboda mpya. Chini muuzaji ameandika: "Hizi za siku hizi hazina roho."

Bei hainihusu. Mwenye hela yake ale hela yake. Kilichonichoma ni chalii mmoja wa Moshi, mpiga solo wa kanisani, ana vidole vizuri kuliko wengi wanaojiita maprofesa huku kwetu, aliyenipigia simu kuniuliza kama auze ampli yake aipate hiyo pedali.

Auze ampli, anunue pedali. Halafu aichomeke wapi, kwenye ukuta?

Basi leo tuongee. Najua wazee wangu wa gitaa wa Kaloleni na Ngarenaro watanuna, kwa hiyo shikamooni kwanza, tugombane baadaye.

Ninachosema ni kimoja: sikio halisikii mwaka. Umeme unaopita kwenye saketi haujui resista, kile kipande kidogo cha kuubana umeme, ilitengenezwa 1979 au juzi, unachojua ni omu ngapi, yaani umebanwa kiasi gani, umekutana nazo njiani. Ukiniambia pedali ya zamani ina sauti nzuri, nitakusikiliza, lakini nionyeshe kipande kinacholeta hiyo sauti. Ukishindwa kunionyesha kipande ukaanza kunionyesha mikwaruzo ya rangi, hapo tumeshatoka kwenye muziki, tumeingia kwenye biashara ya vitu vya kale.

Tuichukue hiyo hiyo ya kijani. Ndani yake kuna chipu inaitwa JRC4558D. Watu wanaitaja kwa heshima kubwa, mwingine anainamisha kabisa kichwa. Jamani, ile ni chipu ya bei ya chini iliyojazwa kwenye vyombo vya sauti vya kila aina enzi hizo, na ukoo wake wa 4558 unatengenezwa mpaka leo. Haikuchaguliwa na malaika, ilichaguliwa kwa sababu ilikuwepo na ilikuwa rahisi. Mwaka 1982 ikaja TS9, toleo lililofuata, na hapo ndipo waumini wanapokuambia roho ilitoka. Haya, fungua zote mbili uziweke mezani. Tofauti inayotajwa kwenye njia ya sauti ni resista mbili pale sauti inapotokea: TS808 ina omu 100 na omu 10,000, TS9 ina omu 470 na omu 100,000. Sawa, baadhi ya TS9 zilitiwa chipu nyingine, hilo nawapa. Lakini chipu nayo inachomolewa na kuwekwa nyingine! Fundi redio yeyote wa Kilombero anakufanyia kazi yote hiyo wewe ukiwa bado unatafuna chapati, na utamlipa hela isiyofika hata sehemu ndogo ya ile ya kwenye tangazo. Roho imerudi? Imerudi kwa resista mbili na risasi kidogo ya kuchomelea.

Na mtu aliyeipa jina hiyo pedali kuliko wote, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani Stevie Ray Vaughan, alifanya nini? Alianza na TS808. Ilipotoka TS9 akaikanyaga TS9. Ilipotoka TS10 akahamia TS10. Yule bwana alikuwa anatumia iliyopo sokoni, anapiga, watu wanalia. Leo sisi tunatafuta ile aliyoiacha yeye mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa wote hao tunaowaabudu. Fuzz Face, pedali ya fazi, yaani mkwaruzo mzito wa sauti, ilitoka Uingereza mwaka 1966, na Jimi Hendrix aliikanyaga ikiwa kitu kipya kabisa cha kizazi chake. Keith Richards wa Rolling Stones alipotumia Maestro Fuzz-Tone mwaka 1965, pedali hiyo ilikuwa na miaka mitatu tu tangu itoke. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anazunguka akitafuta kifaa cha miaka arobaini iliyopita. Kwanza miaka arobaini nyuma yao kulikuwa na gramafoni.

Sasa kuna hili la kwetu ambalo linaniudhi zaidi: eti pedali za zamani zina "sauti ya zilipendwa". Ndugu yangu, Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Hiyo ya kijani ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuuzwa, na haikuwa inauzwa Morogoro. Ndugu wa Kinyonga walipita hapa hapa Arusha na Arusha Jazz yao kabla hawajavuka kwenda Kenya kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Nenda kasikilize ile solo na rithim zinavyoongea. Unachosikia ni gitaa karibu halina kitu, mkono uliofanya mazoezi mpaka ukachoka, besi inayojua pa kunyamaza, na mkanda wa studio unazunguka bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Mpiga rithim akikosea, wote wanarudia. Ile nidhamu ndiyo unayoiita "joto". Haiuzwi kwenye boksi, na ingekuwa inauzwa, waimbaji wa siku hizi wangekuwa wameinunua zamani.

Mnabisha? Fanyeni jaribio. Pedali ya zamani na mpya, mtu mwingine abonyeze, wewe geukia ukuta. Ila kwanza sawazisheni ukubwa wa sauti, na hapa ndipo waumini wote wanapochezea. Moja ikizidi nyenzake hata kidogo, kiasi ambacho hutambui kwamba imezidi, sikio litaipenda hiyo, na mdomo utaanza: ina nyama, ina kina, ina joto. Kumbe ina kelele kidogo zaidi. Nimeshuhudia jambo hili kwenye ukumbi mmoja Sakina. Bwana mmoja mwenye mahubiri ya nusu saa kuhusu transista aligeuzwa ukutani, akasikiliza, akainua kidole: "Hiyo! Hiyo ndiyo ya zamani, unasikia mbao?" Ilikuwa pedali ya plastiki ya bei ya kutupa. Mbao! Kwenye pedali! Alisema ukumbi una mwangwi mbaya, akaondoka bila kula.

Haya, nikubali kidogo, maana mnaandaa swali la fazi.

Fuzz Face za mwanzo, zile ambazo transista zake, vipande vya kukuza sauti, zimetengenezwa kwa madini ya germaniamu, NKT275 na wenzake, zinaimba. Ukishusha voliumu ya gitaa kidogo kwa kidole kidogo, mkwaruzo unalainika mpaka unakuwa karibu sauti safi, na ukiipandisha moto unarudi. Zilizofuata za silikoni ni kali zaidi, zina meno. Nakubali, na nakubali kwa shida. Ila angalieni nimekubali nini: nimekubali germaniamu, sijakubali mwaka. Wapo wanaotengeneza fazi za germaniamu leo, wanapima kila transista kabla ya kuiweka, jambo ambalo viwandani wakati ule halikuwa likifanywa kwa uangalifu huo. Transista zile zilitofautiana vibaya sana. Pedali mbili za siku moja, kutoka boksi moja, hii inaimba na ile inakohoa. Wapigaji waliojua walikuwa wanajaribu nyingi wanachukua moja. Zile zinazokohoa nani alizitunza? Zilienda na takataka za wakati wake. Zilizobaki mpaka leo nyingi ni zile zilizopendwa, halafu tunazitazama tunasema, "Unaona? Zamani walitengeneza vizuri." Zamani walitengeneza vizuri na vibaya kama leo, ila vibaya vimeshatupwa.

Na germaniamu haipendi joto. Transista ikipata joto, mkondo unavuja ndani yake bila kuitwa, na unapanda haraka kadiri joto linavyopanda, mpaka saketi inatoka kwenye mstari. Hili wenzetu wa Ulaya wanalisoma kwenye vitabu, sisi tunalo barabarani, kilomita themanini hivi kutoka Arusha hadi Moshi. Rafiki yangu ana fazi ya germaniamu ambayo Julai, Njiro, baridi ile ya kuvaa masweta mawili, inalia vizuri mpaka unasahau bei yake. Februari akaibeba kwenda kupiga harusi Moshi, chini ya turubai, jua la saa nane. Wimbo wa kwanza inakoroma. Wa pili inakatikakatika kama spika imechanika. Mshereheshaji anamwangalia, bibi harusi anamwangalia, kamati inamwangalia kwa macho ya kamati. Mtu mzima akaichomoa akaitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kuilaza kwenye deli la soda katikati ya barafu! Baada ya hotuba za wazazi ilikuwa imepona, ikapiga nyimbo tatu ikaugua tena. Hiyo ndiyo pedali yenye roho. Roho yenyewe inataka friji.

Halafu fazi nyingi za namna hiyo umeme wake umegeuzwa, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye graundi, kwa hiyo ukiiunganisha na pedali zako nyingine kwenye adapta moja, ni shoti. Muuzaji hawezi kukuambia hilo, yuko bize na roho.

Mwangwi wa chipu, zile dilei, pedali za kurudiarudia sauti, za kina Electro-Harmonix zenye chipu ya MN3005, napenda. Sauti inapita hatua 4,096 ndani ya chipu moja, inapokezwa kama ndoo za maji kwenye foleni ya kuzima moto, na kila ikipokezwa inapungua ung'avu kidogo. Ule ukungu ni mtamu, sina ubishi. Chipu za namna hiyo zimerudi kutengenezwa, hivyo hata hapo hulazimiki kuuza ng'ombe.

Tena hizi za zamani zenyewe haziko zilivyokuwa. Kapasita za elektrolaiti, vile vipande vya kutunza umeme vyenye majimaji ndani, hukauka zikikaa miaka mingi. Pedali ya 1981 uliyoshika leo inaweza isipige kama ilivyopiga 1981, na ukiipeleka kwa fundi abadilishe vilivyochoka, umeingiza vipande vya juzi. Sasa hapo roho imekaa wapi? Kwenye bati? Kwenye ile mikwaruzo ya rangi? Niambieni, nina hamu ya kujua.

Pedali ya mkwaruzo inayoitwa Klon Centaur ndiyo inamaliza hamu yangu ya kubishana. Imetengenezwa Marekani na Bill Finnegan kuanzia 1994 hadi 2008, kama elfu nane hivi, saketi ikafunikwa kwa gundi nyeusi watu wasiione. Leo inauzwa maelfu ya dola. Gundi ikabanduliwa, saketi ikachorwa, ikanakiliwa na kila mwenye mkono wa kuchomelea. Finnegan mwenyewe akatengeneza nyingine, KTR, saketi ile ile, na juu ya bati akaandika maneno ya kuwaambia watu kwamba hizi kelele za sifa zilizopitiliza, zinazowaudhi, hazikuanzishwa na yeye. Mtengenezaji amekana! Waumini bado wamo kanisani.

Za dijitali sizigusi leo. Menyu zake zinanitoa jasho.

Nasikia mtu anasema mimi sithamini historia. Nathamini. Ukinunua pedali ya zamani kwa sababu unaipenda, kwa sababu ilipigwa na mtu fulani, kwa sababu ukiiangalia asubuhi unajisikia vizuri, nunua, na mimi nitakuja kuiona na kunywa chai yako. Ugomvi wangu uko kwa watu wazima wanaowaambia vijana wa miaka kumi na tisa kwamba sauti yao haifiki kwa sababu hawana kitu ambacho hawawezi kukimudu. Huo ni ukatili, hata kama umesemwa kwa upole na mzee mwenye kofia nzuri. Yule chalii wa Moshi ana gitaa lenye nyuzi zilizoota kutu. Nyuzi! Seti moja mpya ingembadilishia sauti kuliko pedali yoyote ya mwaka wowote, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu nyuzi hazina hadithi.

Nimemwambia abaki na ampli yake, anunue nyuzi, na hela ikibaki achukue pedali mpya ya mkwaruzo ya kawaida, hata Boss DS-1, ambayo imeanza kuuzwa 1978 na bado ipo madukani. Halafu ajifunze kutumia kile kitufe cha voliumu kilichoko kwenye gitaa lake, ambacho alikuwa anadhani kina kazi mbili tu, kuwasha na kuzima. Akanijibu, "Lakini kaka, mbona wewe una Phase 90 ya zamani?"

Ninayo, ni pedali ya kuzungusha sauti. Ya rangi ya chungwa, ya miaka ya 70, jina limeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha. Zilizokuja baadaye zenye herufi nene ziliongezewa resista moja inayorudisha sehemu ya sauti nyuma kwenye saketi, ndiyo maana zina mvumo mkali zaidi. Ukiikata hiyo resista kwenye mpya, zinafanana, nimeshasikiliza nikiwa nimegeukia ukuta. Kwa hiyo hapana, yangu haina sauti ambayo wewe huwezi kuipata kwa koleo.

Na siiuzi. Msinipigie.