Mjomba na Kisu cha Mjerumani

Mjomba wangu wa Mikindani ana kisu cha kukunja alichoachiwa na mjomba wake. Kwa mila zetu za Kimakonde vitu kama hivyo humwendea mpwa, na mpwa anayefuata ni mimi, ndiyo maana nilijipa haki ya kusema katika kikao cha "kisu kisafishwe au kisisafishwe".

Kina mpini wa pembe, ndani bamba za shaba ya manjano, na karibu na maungio ubapa umegongwa jina Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu. Neno "rostfrei" halipo. Wajerumani huliandika kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo hiki ni chuma cha kawaida, tena kimezeekea penye upepo wa chumvi. Kilikuwa na madoa mekundu, kimebana, na ndani kimeshindiliwa tumbaku, mchanga na nyuzi za mfukoni.

Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi. Mjomba alitaka kumenya chungwa mbele ya wakwe kwa kisu kinachong'aa.

"Mjomba, kisu cha umri huu hakitakiwi king'ae."

"Kisipong'aa watajuaje kuwa ni cha Mjerumani?"

Nikamweleza. Ile rangi ya kijivu inayoelekea bluu ni ya kuachwa: imeshikamana na chuma na inakisaidia kujikinga. Adui ni nyekundu. Ukitaka kuwatofautisha, pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo. Kikitoka na rangi ya matofali, kutu bado inakula.

Mjomba akataka tukipeleke kwa fundi mwenye grainda. Nikakataa. Jiwe la grainda huchemsha makali kwa muda mfupi sana, na makali yakishageuka bluu ugumu umekwenda. Hapo utanoa asubuhi, jioni kisu butu. Tena grainda ingelifuta lile jina, na bila jina hicho ni kisu cha kukatia kamba ya mbuzi. Akasema basi tukiloweke kwenye siki usiku kucha. Siki inatoa kutu kweli, ila ikilala humo inaanza kula na chuma chenyewe, inajificha chini ya springi, na shaba ya manjano inageuka rangi ya waridi. Akataja jivu na mchanga. Mchanga! Chembe moja ikiingia kwenye maungio, kila ukifungua kisu unajisagia mwenyewe.

Tukafanya ninavyojua. Tone la mafuta ya taa kwenye maungio, kisu kikalala kimeegeshwa mpini chini ili yapenye. Asubuhi nikakifungua polepole, mbele na nyuma, bila koleo, maana koleo huvunja ukingo wa kile kijishimo cha kuingizia ukucha. Takataka za ndani nilizikwangua kwa chelewa iliyochongwa ncha. Ni ngumu kiasi cha kutoa uchafu na laini kiasi cha kutochubua shaba. Nikamalizia kwa mswaki mkuukuu. Madoa mekundu nikayapitia kwa msasa namba 600 uliolowa mafuta ya taa, kwa kufuata urefu wa ubapa, nikikwepa jina. Penye doa sugu niligusa pamba yenye maji ya limau kwa dakika kumi, nikafuta kwa maji yenye soda ya kuokea kuua ule ukali, kisha nikakausha kivulini. Pembe haipendi maji ya moto wala jua kali, hupinda na kupasuka. Makali nikayanoa kwenye kinoo kwa mlalo wa nyuzi kama 20 kila upande.

Muda wote huo Mjomba alinitazama kama shabiki wa Yanga anayeangalia Simba ikishangilia.

"Bado mafuta," nikamwambia. "Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio, na ubapa unafutwa kwa kitambaa. Kesho nayaleta. Usitie ya nazi, yanachacha na kuganda."

"Tone moja?"

"Moja."

Usiku ule Mjomba aliona Mjerumani mzima hawezi kupewa tone moja. Uani kuna kopo la mafuta ya ganda la korosho, yale yanayochuruzika watu wakichoma korosho kwenye bati. Huyapaka nguzo za banda, na mchwa hawasogei. Akapiga hesabu: kama mchwa wanaogopa, kutu ni nani?

Mafuta yale viwandani hutengenezewa vanishi na rangi, kwa sababu yakipata hewa hunata, kisha hukauka na kuwa magumu. Na kabla hayajakauka huunguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka jivu mikononi. Mjomba kazaliwa kwenye korosho, hayo yote anayajua. Alitumia kitambaa. Kitambaa kikalowa mpaka upande wa pili. Akamimina, akakunja kisu, akafuta mikono kwenye msuli, akaenda msalani.

Nilipofika na kichupa changu cha cherehani, wako zahanati. Vidole vya Mjomba vimejaa malengelenge. Nesi, binti wa umri wa bibi harusi, akamwambia aoshe kwa sabuni na maji mengi na asitumbue hata moja.

"Ni mikononi tu, mzee?"

"Mikononi tu."

"Basi kaa kwenye kiti nikupake dawa."

"Nimezoea kusimama."

Mkaza mjomba akavumilia kidogo, kisha akasema, "Nesi, huyu anaona haya. Mwite daktari mwanaume."

Kisu nacho kilikuwa kimegoma. Gundi ile huachia kwa mafuta ya taa ikiwa haijakomaa. Nikavaa glavu za mpira, nikalowesha maungio, nikasubiri, nikafuta, nikarudia. Moto sikuthubutu, unaharibu pembe na moshi wake nao unawasha. Mpaka Ijumaa kilifunguka upana wa ukucha, na gundi iliyolainika ikawa inatoka taratibu hadi kwenye mpini. Nikakifunga gazeti, nikamwambia Mjomba asikiguse mpaka nimalize.

Jumamosi Mjomba alihudhuria harusi kwa msuli uliolegezwa, na hakukaa hata mara moja. Wakwe wakamsifu: mzee ana adabu, hakai mbele ya wageni. Sifa zikampanda kichwani. Akatoa gazeti mfukoni, akamkabidhi bwana harusi kisu akimenyee wazee chungwa.

Kijana akavuta. Akakishika kwa mikono miwili. Akakibana magotini. Hakikufunguka, na Mjomba akatangaza kwa sauti kwamba kisu cha Mjerumani kinachagua mkono.

Jumatatu wakwe wakapiga simu: bwana harusi anawashwa. Mkaza mjomba akaweka simu karibu na sikio, akamtazama Mjomba, akauliza neno moja tu:

"Wapi?"