Acheni kuzisingizia kabureta mbili

Kuna sentensi moja nikiisikia damu inachemka: "kabureta mbili zinasumbua, hazikai kwenye balansi, toa weka moja kubwa." Juzi nimeisikia tena, na aliyeisema kasimama pembeni ya flatihedi V8 safi kabisa, ile injini ya zamani ya Ford, kabureta zake Stromberg 97 mbili zimepigwa polishi mpaka unajiona sura, bomba za mafuta za kopa zimekunjwa kwa ustadi, fimbo ya linkeji, ile inayoziunganisha zifunguke pamoja, imechovywa kromu. Ila injini ikiwa sailensi, yani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka, ukigusa mafuta inakohoa kwanza ndo inaitika. Nikamwambia azime. Nikaishika ile fimbo kwa vidole viwili nikaisukuma taratibu, kabureta ya nyuma ikaanza kufunguka, ya mbele imelala fofofo, fimbo imetembea kama unene wa sarafu hivi ndo na yenyewe ikashtuka. Bol jointi, vile viungo vya mviringo kwenye ncha za fimbo, zimelika zinacheza kwenye vikombe vyake. Yani hela yote imeishia kwenye kung'arisha, kilichooza ni kiungo kidogo kuliko kidole, na anayelaumiwa ni kabureta!

Kabureta haitoki kwenye balansi, yani kuvuta hewa sawa na mwenzake, usiku wewe umelala. Kinachohama ni kile kinachoziunganisha, na hicho ndo watu hawataki kukikagua kwa sababu hakina jina kubwa.

Shida nyingine ni kwamba watu wanaona mlegezo mdogo vile hauwezi kuleta balaa lote lile. Unaweza sana. Injini ikiwa sailensi vipepeo, vile visahani vinavyofungua njia ya hewa ndani ya kabureta, vimefunguka ufa mwembamba tu, hewa inapenya pembeni kwa pembeni, kwa hiyo kabureta moja ikitangulia mwenzake kidogo pale inaweza kupitisha hewa nyingi mno kumzidi. Tofauti hiyohiyo ukiwa umekanyaga mpaka chini haina habari, vyote viko wazi nani atajua. Ndo maana mtu anakwambia "barabarani inavuta fresh ila foleni inanitesa" halafu anakimbilia kubadilisha jeti, kile kitundu kinachopima mafuta. Jeti! Kwenye sailensi nozeli kuu bado haijaanza hata kumwaga mafuta ndugu yangu, unabadilisha jeti ya nini?

Sasa dhambi kubwa kuliko zote ni kuseti sailensi huku linkeji imefungwa. Unazungusha skrubu ya kabureta hii, fimbo inavuta na ile, unarudi kule, fimbo inavuta na huku, unashinda hapo mchana kutwa na jioni unatangaza kuwa kabureta mbili hazifai. Fimbo inatoka kwanza, jamani. Injini ipate moto kabisa, maana manifoldi ya alumini iliyobeba kabureta inatanuka karibu mara mbili ya chuma na fimbo yako ni ya chuma, ukiseti ya baridi umeseti ya injini nyingine. Halafu kila kabureta isimame kwa skrubu yake yenyewe, weka kipimo cha hewa kwenye mdomo wa hii, hamia ile, punguza huku ongeza kule mpaka zivute sawa. Ndo uingie kwenye skrubu za mchanganyiko wa hewa na mafuta, ziko mbili kila 97 kwa hiyo ni nne, anza nazo zote zimefunguliwa mzunguko mmoja mpaka mmoja na nusu halafu sikiliza injini inataka nini. Ukimaliza rudi kwenye kipimo cha hewa, maana kasi ya injini itakuwa imebadilika.

Hapo ndo uzime, uichukue fimbo, uirefushe au uifupishe mpaka ikae juu ya bol yenyewe, bila kumsukuma huyu wala kumvuta yule. Yenyewe! Ukiona unalazimisha hata kwa kidole kimoja, ujue umeshafungua kipepeo cha mmoja na kazi yote ya juu umeitupa.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi wanakiruka. Washa, pandisha injini mpaka mizunguko kama 2000 hivi kwa dakika, ishikilie hapo, upime hewa tena. Kama sailensi zilikuwa sawa na huku juu zinapishana, toa bisibisi kwenye kabureta, haihusiki. Angalia mikono ya shafti, ile inayosukumwa na fimbo kuzungusha vipepeo. Pima kutoka katikati ya shafti mpaka katikati ya bol, zote mbili, zilingane, halafu angalia mikono imelala pembe moja. Mkono mmoja ukiwa umesimama zaidi ya mwenzake vitaanza pamoja vizuri tu na katikati ya safari vinaachana, kama watu wawili wamebeba kitanda kwenye ngazi. Mara nyingi ni kaskrubu kanakobana mkono kamelegea, mkono umeteleza digrii chache, basi.

Na wala haya sio mambo ya maabara. Vijana wa California waliokuwa wakikimbiza hizi flatihedi kule kwenye ziwa kavu la Muroc kabla ya vita ya pili walikuwa wanabalansi kwa kipande cha mpira, ncha moja sikioni ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wanasikiliza mvumo wa hewa. Leo mtu ana kipimo, ana mwanga, ana simu inayompigia picha mahali jicho halifiki, anashindwa.

Linkeji ya hatua, ile ya moja kuanza nyingine kufuata, waachieni wenye kabureta tatu. Pontiac waliuza Tri-Power yao ya kabureta tatu 1957 mpaka 1966 na ya katikati ndo ilikuwa inatangulia, sawa, ina mantiki. Kwa 97 mbili juu ya flatihedi fungua zote pamoja, acha ujanja.

Haya, nakubali kwa shingo upande: shafti ikiwa imelika mpaka inacheza mwilini, hewa inaingia pembeni na hutabalansi milele, hiyo inataka bushi mpya. Na ndiyo, kabureta moja ya midomo minne ni rahisi zaidi kuishi nayo. Sijawahi kubisha. Nabisha uongo. Pampu ya mafuta ya umeme inayosukuma kwa presha ya PSI 5 kwenye kabureta inayotaka 2 na nusu hiyo nayo sio kosa la kabureta.

Ila kuna moja hapa siongei kwa utani. Kila kabureta iwe na springi yake ya kurudisha, kwenye mkono wake wenyewe, usitegemee springi ya pedeli, maana fimbo ikichomoka pedeli itarudi na kabureta itabaki wazi. Halafu kabla hujawasha, mtu akae ndani akanyage mpaka chini, wewe angalia juu ya injini. Kama mikono inakaribia kunyooka mstari mmoja na fimbo, iko siku itapitiliza na kujifunga pale ikiwa wazi yote. Weka kizuizi kwenye pedeli, au badilisha pembe ya mikono, halafu mwambie akanyage tena na aachie ghafla. Isiporudi na kugonga skrubu ya sailensi kwa sauti, funguo zikae mfukoni.