Sotatercept: inatuliza ishara, haitengenezi jeni

Husemwa kwamba dawa ya sotatercept inatibu jeni. Mwaka 2000 iligundulika kwamba kasoro katika jeni ya BMPR2 ndiyo inayorithisha shinikizo la juu la ateri za mapafu (mishipa inayopeleka damu mapafuni) katika familia nyingi. Chanzo kikajulikana, dawa ya kukigusa ikakosekana. Dawa za zamani, sildenafil na wenzake, hutanua mishipa. Ukuta uliokwisha kunenepa hawaugusi sana, na upande wa kulia wa moyo huendelea kusukuma damu kwenye njia nyembamba hadi uelemewe.

Sotatercept, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024, inaulenga ukuta wenyewe. Ishara za BMPR2 huzuia seli za mshipa zisizaliane ovyo, na protini za activin huzichochea. Kwa mgonjwa, breki imelegea huku mafuta yakikanyagwa. Dawa hii hunasa activin kabla haijaifikia seli. Kwa hiyo kusema "inatibu jeni" ni kosa: jeni mbovu inabaki palepale, na wengi walioingia kwenye majaribio hawakuwa na ugonjwa wa kurithi.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Jaribio la STELLAR lilikuwa na wagonjwa 323 waliokuwa tayari kwenye dawa nyingine. Baada ya wiki 24, umbali wanaotembea kwa dakika sita uliongezeka takriban mita 34, dhidi ya mita 1 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Jaribio la ZENITH lilichukua waliozidiwa zaidi, 172: kufa, kupandikizwa mapafu au kulazwa hospitali kuliwapata asilimia 17.4 ya waliopewa dawa, dhidi ya 54.7 ya wasiopewa.

Wenye shaka wanakumbusha kwamba ZENITH ilisitishwa mapema, na jaribio la namna hiyo huweza kukuza faida; tena pengo kubwa lilitokana na kulazwa kuliko vifo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyechoka hivyo, kutolazwa si jambo dogo, na kwake ningeitetea dawa hii.

Tatizo liko kwenye damu. Himoglobini hupanda, chembe sahani (zinazogandisha damu) hushuka, pua hutoka damu, vimishipa vyekundu hujitokeza kwenye ngozi. Huanzwa kwa mg 0.3 kwa kilo ya uzito, kisha 0.7 kila wiki tatu, na damu hupimwa kabla ya kila dozi kati ya tano za mwanzo. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, usianze. Himoglobini ikipanda zaidi ya gramu 2 kwa desilita tangu dozi iliyopita na kuvuka kiwango cha kawaida, ahirisha angalau wiki tatu.

Mtu wa kilo 60 anahitaji mg 42. Unga ukishayeyushwa huwa na mg 50 kwa mililita, hivyo anachomwa takriban mililita 0.8 chini ya ngozi. Chupa huzungushwa taratibu, haitikiswi. Bei yake ilipotoka Marekani ilikuwa dola 14,000 kwa chupa. Dozi 17 kwa mwaka ni dola 238,000.

Lipo pia hili: STELLAR iliwaacha nje wenye ugonjwa huu kutokana na VVU au kichocho. Mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria aliyeharibiwa mapafu na kichocho hayumo katika takwimu hizi. Praziquantel, dawa ya kichocho, itaua minyoo, lakini ukuta wa mshipa uliokwisha kunenepa ataendelea kuubeba. Jaribio lijalo lingepaswa kuanzia kwake.